Sentensi Moja Kuhusu Mto

Nimeandika risala nyingi kuliko barua zangu mwenyewe. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali hapa Kibaha, na watu wakishajua kwamba unaweza kupanga maneno hawakuachi hata ukistaafu. Akitangazwa mgeni rasmi popote kati ya Kwa Mathias na huku mtaa wa Pangani, hapahapa Kibaha, ninakokaa, atatokea mtu mlangoni kwangu na daftari mkononi: "Shikamoo mama, tunaomba utuwekee sawa risala." Nimewaandikia wafuga kuku, wanakwaya, mafundi cherehani, na timu moja ya mpira ambayo haikuwa na mpira.

Risala ni ufundi kama ushonaji. Unaanza kwa kumshukuru Mungu aliyetuamsha salama. Unamshukuru mgeni kwa kuacha shughuli zake nyingi, ambazo hakuna anayezijua. Unataja mafanikio, na hapo hata choo kilichobadilishwa mabati mawili kinapewa aya nzima. Kisha zinakuja shida. Nilipoanza kazi ziliitwa shida. Baadaye zikaitwa matatizo, kisha kero, na nilipostaafu zilikuwa changamoto. Kijana aliyerithi meza yangu ananiambia siku hizi wapo wakubwa wanaopenda ziitwe fursa. Maji ya bomba yamekataa kutoka kwa majina yote matano.

Mwisho unaomba, unashukuru tena, na unamkabidhi mgeni karatasi huku umeinama kidogo. Najua pia karatasi hiyo inakokwenda, maana mimi ndiye niliyekuwa naipokea kutoka kwa dereva, imekunjwa mara nne, inanukia manukato ya mtu mwingine. Naitoboa matundu mawili, naifunga kwenye jalada, jalada nalirudisha kabatini. Katika miaka yote ile sikumbuki mtu aliyewahi kuniomba nimtolee jalada la risala. Hayo yote niliyajua. Nayasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma nisiyostahili.

Mama yangu aliishi katika kijiji kimoja mbele ya Maneromango, kwenye njia ambayo dereva wa lori akiulizwa habari zake anasonya kwanza ndipo ajibu. Aliishi na mdogo wangu wa kiume, mkulima wa mihogo, ambaye hakuoa kwa sababu anazozijua mwenyewe. Sisi ni Wazaramo wa upande wa misheni. Nusu ya ukoo wanakwenda kanisani, nusu wanakwenda msikitini, na siku ya sikukuu, iwe ya nani, wote wanakwenda kwenye sufuria.

Kati ya kijiji na Maneromango kuna mto. Kuuita mto ni kuupa cheo. Kiangazi unauvuka na kandambili bila kulowa, na wanawake wanafukua mchanga katikati yake kutafuta maji ya kupikia. Mvua zikianza unafunga njia siku mbili, siku tatu, mwaka mwingine wiki nzima. Wanaume hulaza magogo ya kupitia, masika yanayachukua, na masika yakiisha wanalaza mengine. Hakuna aliyewahi kukasirika sana. Watu wa kwetu hasira zao wanaziweka kwa ajili ya ndugu.

Kwa miaka mingi mto ule ulikuwa usumbufu tu. Ukageuka jambo jingine mama alipoanza kuvimba miguu. Daktari wa Kisarawe alisema moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana mwili unabaki na maji. Akampa vidonge na kadi ya kliniki, kila mwezi aonekane, kisha akanivuta pembeni kwenye korido. "Dada, huyu akianza kukosa pumzi msingoje," akaniambia. "Mtakuwa na saa chache tu." Njia nzima ya kurudi nilikuwa nazipigia hesabu saa zile. Kiangazi zilitosha. Masika hazikutosha, hata ningezipanga vipi.

Nilimwomba ahamie kwangu. Alikaa Pangani siku tisa. Alilalamika kwamba geti langu ni kama la gereza, kwamba jirani hapigi hodi, anabonyeza kengele kama anaita mtumishi, na kwamba bada, ugali wetu wa muhogo, ninayosonga mimi haina tofauti na gundi ya bahasha. Siku ya kumi nilimkuta kibarazani, amevaa viatu, mkoba uko mapajani. "Nirudishe nikafe kwa watu wanaonisalimia," akasema. Nikamrudisha huku nimenuna. Tangu siku hiyo nikawa na jambo moja tu chini ya jua: mto ule upate daraja, au hata kalavati, kabla mama hajakosa pumzi siku ya mvua.

Basi siku moja mtendaji wa kijiji akanipigia simu. Alikuwa kijana mpole aliyeletwa kutoka bara, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalifanya. Akasema wamepata ugeni mkubwa. Kiongozi mmoja, ambaye sitamtaja na ambaye hata nikimtaja hatakumbuka kama aliwahi kufika kwetu, angekuja kuzindua darasa na kusikiliza wananchi. Kijiji kilikuwa kimeshakaa na kuamua kwamba risala iandikwe na isomwe na mtoto wa nyumbani aliyekaa na wakubwa Kibaha. Kabla sijajibu nikasikia simu inanyang'anywa.

"Andika kuhusu mto," akasema mama. "Mengine yote mapambo."

Niliandika usiku na mchana, maana ilikuwa mara ya kwanza kuandika risala ninayoiamini. Sentensi ya mto niliiweka peke yake, nikaondoa kila urembo uliokuwa karibu nayo ili ionekane: "Mheshimiwa mgeni rasmi, mto ulio kati yetu na Maneromango hauna daraja, mvua ikinyesha wagonjwa wetu hawafiki hospitali, na tunaomba daraja kabla ya masika yajayo." Niliisoma kwa sauti jikoni kwangu. Nikasema leo nimeandika kitu.

Lakini risala haisomwi kabla haijapitiwa. Hiyo ndiyo sheria ambayo haijaandikwa popote na ambayo hakuna anayeivunja.

Wa kwanza kuipitia alikuwa yule mtendaji wa kijiji. "Mama, imetulia kabisa," akasema. "Tatizo ni hapo tu, 'hauna daraja'. Inasikika kama tunamlaumu mtu. Tukisema 'bado haujapata daraja'?" Nikaona sawa. Bado si neno baya, lina matumaini ndani yake. Nikaandika upya.

Ikaenda kata. Mtendaji wa kata alikuwa mama wa umri wangu, mtandio umefungwa vizuri, mezani kwake kuna picha ya wajukuu. Aliisoma, akavua miwani, akaniambia mama yake mwenyewe ni mgonjwa kijijini kwao na ananielewa sana. Machozi yalimlengalenga, nami nikamwonea huruma. Kisha akachukua kalamu akakata neno wagonjwa. "Dada yangu, watakuja na watu wa televisheni," akasema. "Ukitaja wagonjwa, kesho nitaulizwa ni wagonjwa gani, wangapi, na nilikuwa wapi." Tukaweka kwamba wakati wa mvua wananchi hupata usumbufu kidogo. Simchukii mama yule. Na yeye alikuwa na mtu wa kumpigia simu na kumfokea, na huyo naye alikuwa na wake, na nadhani ukiifuata ile foleni ya watu wanaoogopana mpaka mwisho utamkuta mtu mmoja aliyelala zake usingizi mzito, hajui lolote.

Ikaenda wilayani. Kule alikuwepo kijana mmoja wa tai, mwerevu, ambaye hakukata neno hata moja. Yeye aliihamisha sentensi. Aliitoa kwenye changamoto akaipeleka kwenye mafanikio.

"Daraja hilo lipo kwenye mpango, mama," akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mzazi wake kutumia simu. "Kitu kikishaingia kwenye mpango si changamoto tena."

"Limeshaanza kujengwa?"

"Lipo kwenye mpango."

Na kwa kuwa kwenye mafanikio watu hawaombi, ikawa hivi: "Tunaishukuru serikali yetu kwa hatua inazoendelea kuchukua kuhusu daraja la mto wetu." Na hapa niseme jambo linalonichoma kuliko yote. Iliposomeka hivyo niliipenda. Ilikuwa na mwendo mzuri mdomoni. Hakuna aliyeniomba, lakini nilikaa na kalamu nikaongeza koma moja mahali ilipokuwa inapungua.

Siku ya ugeni nilitoka Kibaha alfajiri, nikafika Maneromango mapema, nikapanda bodaboda. Tulipofika mtoni sikuuona mto. Kulikuwa na magogo mapya yaliyonyooka, viroba vya mchanga vimepangwa kama ukuta, juu yake udongo wa kichuguu umeshindiliwa mpaka unang'aa, na pembeni matawi ya minazi yamechomekwa kwa upinde. Dereva hata hakupunguza mwendo. Ng'ambo nilimkuta mjomba wangu, mzee wa kijiji, anafagia majani yaliyoangukia njia.

"Shikamoo mjomba. Nani amewaamuru kufanya hivi?"

"Marahaba. Nani atuamuru? Tumejitolea wenyewe, siku tatu."

"Mngeuacha ulivyo, mjomba! Aone. Gari likwame, ashuke, alowe viatu!"

Alinitazama kama niliyetukana mbele ya mkwe. "Mgeni alowe viatu kwetu? Halafu akasimulie kwao kwamba sisi ni watu wa namna gani?"

 Ndivyo tulivyo. Kwetu mgeni haelezwi shida akiwa na njaa. Wazee walikuwa wamepanga vizuri kabisa: mgeni atasomewa risala ya heshima, atakula, atanawa mikono, ndipo watamkalisha ndani ya darasa jipya na kumweleza habari ya mto kama watu wazima wanavyoelezana. Mama alikuwa ametoa jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akimwamsha kunywa vidonge. Mdogo wangu alilalamika. Mama akamwambia kuku wengine wapo, mgeni wa namna hii ni mmoja.

Mtu wa nje anaweza kudhani tulikuwa tunadanganya. Hatukuwa tunadanganya, tulikuwa tunasalimia. Ukimuuliza mtu wa kwetu habari, jibu ni njema. Hata kama kuna maiti ndani, jibu ni njema, kisha mtu anavuta pumzi na kusema ila. "Njema, ila mzee hatunaye tangu jana." Habari yenyewe imo kwenye ila, na kila aliyelelewa vizuri anajua kunyamaza kidogo na kuisubiri. Mgeni rasmi alishuka kwenye gari, akapewa kipaza sauti, akauliza, "Habari za hapa?" Kijiji kizima kikajibu njema, mikono juu, akina mama wakapiga vigelegele. "Nimefurahi sana kusikia hivyo," akasema, na akaendelea na hotuba.

Nikaitwa. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na karatasi mbili, ile iliyopitiwa na ile ya kwanza, ya jikoni kwangu. Nilikuwa nimeibeba makusudi. Nilisimama mbele ya meza kuu, nikamwona mama katika safu ya kwanza, kitenge kipya, miguu imevimba mpaka kandambili zimemkaa nusu. Nilimwona pia mtendaji wa kijiji amesimama nyuma ya viti, ana nakala yake mkononi na kidole kiko kwenye mstari wa kwanza, jasho linamtoka. Nikasoma ile iliyopitiwa. Ningependa kusema nilimwonea huruma yule kijana na kibarua chake, na ni kweli nilimwonea. Lakini pia sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile, kipaza sauti hakikukoroma, na nilipofika kwenye ile koma yangu watu walikuwa kimya wananisikiliza. Nilikuwa na umri wa bibi na nilitaka kusifiwa.

Mgeni alisimama kujibu. Akasema amepita mtoni na ameona kazi nzuri. Akasema amezunguka vijiji vingi, kila anakokwenda ni malalamiko, lakini hapa amekuta watu wenye shukrani, na wengine waje wajifunze. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha mtu mmoja akamnong'oneza, akaangalia saa, na msafara ukaanza kuondoka kabla mikono haijanawishwa. Wazee walisimama mlangoni mwa darasa wamevaa kanzu zao na makoti yao, wanajua la kusema, hawana wa kumwambia. Chakula kilifungwa haraka kwenye hotipoti, kikapakiwa. Yule jogoo akawa wa kwanza katika nyumba yetu kusafiri kwa gari la serikali.

Nilimshika mama mkono tukatembea polepole kurudi nyumbani. Alikuwa anapumzika kila baada ya hatua kadhaa. Tulipofika uani akakaa kwenye kigoda.

"Umesoma vizuri," akasema. "Umesoma vizuri sana, mwanangu. Sasa huo mto uliokuwa unausoma uko wapi, nikavukie huko?"

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nilitamani ardhi inimeze. Usiku ule nilijilaza kitandani kwake, naye akaniachia nafasi.

Kabla ya masika nilikwenda ofisi ya wilaya kufuatilia. Binti wa pale alikuwa na adabu, aliniamkia, akanipa kiti, akaniuliza kijiji gani. Akaenda kabatini akatoa jalada. Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kuona mtu anafungua jalada la risala ili alisome, na nilipoona ilikuwa ni kwa ajili ya kunishinda mimi. Alifuata mistari kwa kidole chake.

"Mama, hapa mmeshukuru," akasema.

"Tulishukuru, lakini daraja halipo."

"Nakuelewa. Ila kijiji chenu hakina ombi. Tunaanza na vile vilivyoomba." Akaligeuza jalada nione mwenyewe. "Hii imesomwa na nani? Anaweza akaja akatoa maelezo."

Nikamwambia nitamtafuta. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nilipotulia nikaandika ombi jipya, fupi, kavu, hakuna shukrani hata moja. Likaanza safari ya kupitiwa: kijiji, kata, wilaya. Mtendaji wa kijiji aliniomba nilainishe maneno kidogo. Nikagoma. Akaliweka kwenye droo mpaka nipoe, na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa Kibaha wiki tatu nzima nikisubiri aanze yeye kunitafuta. Mvua hazikusubiri mtu kupoa.

Asubuhi ile, saa mbili, mdogo wangu alipiga simu. "Mama anavuta pumzi kwa shida," akasema, na nyuma yake nikasikia mvua kwenye bati. Nikamwambia mpelekeni mtoni, mimi nakuja na gari upande huu. Kutoka Kibaha mpaka Kisarawe sikumbuki nilipita vipi. Kisarawe nilipata dereva mwenye gari la kubebea mkaa aliyekubali kunifikisha mpaka maji yalipo, na njiani alishuka mara mbili kukwamua matairi kwa jembe. Tulifika saa saba mchana.

Walikuwa pale tangu asubuhi. Walimleta kwa kitanda cha kamba, wanaume wanne, wakakiweka chini ng'ambo, wamemfunika turubai, na mdogo wangu ameshika mwamvuli juu ya kichwa chake. Magogo hayakuwepo, viroba havikuwepo, hakuna kilichobaki cha kuonyesha kwamba tuliwahi kumpitisha mtu pale bila kulowa. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa na yanakwenda kwa kasi. Hapakuwa mbali. Niliona maua ya kanga yake. Niliita na sauti yangu haikuvuka.

Mdogo wangu akanipigia simu, akaiweka sikioni mwa mama. Nilisikia pumzi, fupi fupi, zinakwaruza.

"Mama, ni mimi. Nimefika. Niko huku."

"Nakuona," akasema. Kisha, baada ya pumzi nyingine: "Mbona umelowa hivyo, mwanangu?"

Vijana wawili walijifunga kamba kiunoni wakajaribu. Maji yaliwabeba wote wawili hatua chache tu, wenzao wakawavuta kurudi. Dereva wangu alikata matawi akayarusha, sijui alidhani yatafanya nini, nadhani alishindwa tu kukaa. Mimi nilikaa na simu sikioni. Sikumwambia mama lolote la maana. Nilimwambia maji yanapungua, na hayakuwa yanapungua. Saa tisa na kitu sikusikia tena ile mikwaruzo. Nikamwona mdogo wangu anaufunga mwamvuli taratibu na kuulaza chini, na mvua bado inanyesha.

Nilipiga kelele. Nilimtukana mgeni rasmi, nikaitukana wilaya, kata, kijiji, mjomba wangu na viroba vyake, nikajitukana mimi kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Niliokota mawe nikautupia mto. Dereva alinishika mabega akaniweka ndani ya gari kama mzigo. Nilikuwa na hasira ya kuteketeza nchi nzima na nilikuwa nimefungiwa kwenye gari la mkaa, mlango wake haufunguki kwa ndani. Nililala Maneromango kwa ndugu. Kesho yake asubuhi mvua ikakatika, na nilipofika mtoni niliuvuka kwa miguu. Maji hayakufika magotini.

Kwenye usharika wetu marehemu hazikwi mpaka wasifu wake usomwe. Hakuna aliyeuliza nani ataandika. Waliniletea kalamu na karatasi, nikakaa kwenye kigoda uani, wanawake wanachambua mchele pembeni, wanaume wanapasua kuni. Ndani yangu nilishaapa. Nilijua diwani atakuwepo, nilijua wilaya imetuma mtu na rambirambi, na nilijua wote watakaa mbele kwa sababu msibani nako kuna meza kuu. Nikasema wacha waje. Leo nitawasomea.

Nilikuwa nimemaliza alipofika mtendaji wa kijiji. Alikuwa ametoka kuchimba kaburi na wenzake, suruali imejaa udongo mpaka mapajani, macho mekundu. Alichuchumaa mbele yangu, akanipa mkono.

"Pole sana, mama."

"Ahsante."

"Mama, samahani sana. Kwa sababu wageni wapo…" Akatazama chini. "Naomba niupitie kidogo."

Nilimpa. Nilimpa kwa furaha mbaya, maana nilikuwa nimeyaweka tayari maneno ya kumwambia akigusa tu kalamu yake, na nilitaka uani pote wasikie. Aliusoma wote. Akaurudia kuanzia juu. Kisha akaukunja vizuri akanirudishia kwa mikono miwili.

"Umekaa vizuri, mama," akasema. "Sina cha kupunguza."

Nilidhani hakuona palipoandikwa mto. Nikaufungua nikasoma mwenyewe. Mahali alipozaliwa, siku aliyobatizwa, ndoa, watoto, wajukuu, upendo wake kwa wageni. Chini nilikuwa nimeandika kwamba aliugua ghafla na kufariki akiwa njiani kupelekwa hospitali, na kwamba familia inawashukuru viongozi wote kwa ushirikiano wao. Mwandiko ulikuwa wangu, umenyooka. Mto sikuutaja popote. Hakuna aliyeniambia niuache.